Mikia Kumi na Moja

Polisi walikuwa wanatafuta munyama. Priscille Kabamba aliitwa kwa sababu ya mikia.

Mikia kumi na moja ya samaki, mibichi, ndani ya mufuko wa plastiki, juu ya meza ya kituo cha Nchelenge, asubuhi ya Jumatatu, katikati ya mwezi wa kwanza. Mwezi huo ziwa limefungwa. Kuanzia Desemba mpaka Februari iishe, hakuna mutu anayeruhusiwa kutupa wavu katika Mweru, ili samaki wazae kwa amani. Hata paka wa Kabuta, kijiji cha wavuvi, wanajua, na wanakonda kwa kuheshimu sheria. Kwa hiyo ukiona mukia mubichi mwezi wa kwanza, unaita buro ya samaki. Na buro ya samaki, asubuhi hiyo, ilikuwa ni Priscille, pikipiki yake, na muhuri mumoja wa mupira.

Alikuwa na miaka thelathini na minne. Baba yake wa Nchelenge, mama yake wa Pweto ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, na uso wa mutu anayesikiliza uongo kwa heshima.

"Ba Priscille, karibu," alisema Inspekta Goodson. Goodson alikuwa mutu mwema mwenye Kiswahili cha sokoni: kilitosha kununua kitenge, hakikutosha kununua ukweli. "Mambo iko raisi. Ku lodge ya Ba Rodwell, fisi maji hakuna. Shimo iko. Mikia iko. Mukongomani iko. Imekwisha."

Fisi maji, kwa yule ambaye hajapata bahati ya kuchaniwa wavu naye, ni munyama wa ziwa: mwili kama wa mbwa aliyevutwa huku na huku, sharubu za muzee, akili za mwanasheria. Anakula samaki. Wavuvi hawamupendi. Wageni wanamupenda mpaka wanataka kumubeba. Huyu wa lodge aliitwa Chouchou, na watu walitoka mpaka Kitwe kuja kupiga picha naye. Jumamosi alikuwapo. Jumapili asubuhi alikuwa ameenda.

"Na Mukongomani ni nani?"

"Méschac, mukimbizi ya camp ya Mantapala. Alikuwa anamuchunga. Alivua samaki mu ziwa ya kufungwa, alimuvuta na samaki, akamuuzisha ng'ambo. Saa sita gari inamupeleka ku korti ya Mansa."

Ilikuwa saa mbili na nusu.

Nje, chini ya ukingo wa mabati, mwanamuke kijana alikuwa amekaa na mutoto mugongoni na besani iliyofunikwa kitambaa. Mvua ilimulowesha upande mumoja tu, kama mutu aliyepakwa rangi nusu. Aliinuka alipoona kofia ya kazi ya Priscille.

"Mama, miye njo Plamedie, bibi ya Méschac. Polisi banasema chakula yake atakula ku Mansa." Alishika besani kwa nguvu. "Bakimupeleka kule, karatasi yake ya kutokea mu camp inakufa. Hatapata tena kazi huku nje. Batoto watatu, mama, na shamba ya mihogo ya kulingana na hii besani."

"Kaa," Priscille alisema. "Usiache ipoe."

*

Méschac alikuwa mwembamba, na mikono yake yote ilikuwa na alama ndogo za meno, kama mutu aliyepigwa na sindano za nguo.

"Ulivua samaki?"

"Hapana, mama."

"Uliuzisha munyama?"

"Hapana."

"Mikia ilitoka wapi?"

Méschac aligeuza uso ukutani.

"Méschac, mimi si polisi. Mimi ni wa samaki."

"Basi uulize samaki, mama."

Askari wa mulangoni alicheka. Priscille hakucheka. Mutu mwenye dharau angemutazama usoni akisema vile. Huyu alitazama ukuta. Huyu alikuwa anafunga mulango juu ya kitu.

Akabadilisha njia. "Tangu ziwa lifungwe, Chouchou alikuwa anakula nini?"

Hapo jibu lilitoka bila kupiga hodi. "Bukari, mama! Ugali tu, na kapenta, dagaa ya kukauka, ya kuloweka mu maji. Je, ile ni chakula ya munyama wa ziwa? Alikonda, mifupa ikaanza kuonekana. Nilimuambia Ba Rodwell. Akasema ni muzuri, akikuwa mwepesi ataruka zaidi."

"Maskini. Akaendelea kukonda?"

"Mpaka Noeli. Kisha Noeli alinenepa."

Akauma mudomo. Ilikuwa imekwisha kutoka.

"Alinenepa na nini?"

"Na maombi, mama."

Priscille aliandika: *alinenepa baada ya Noeli*. Chini yake hakuandika maombi. "Na shimo?"

"Alikuwa analichimba toka ndani, kila siku. Miye nililiziba na bloku ya sementi. Niliambia kila mutu pale: hii bloku, hapana kugusa."

*

Lodge ya Ba Rodwell ilikuwa kati ya boma na Kabuta, nyumba sita za mabati ya kijani zikitazama ziwa. Kwenye kibaraza kulikuwa na matawi ya harusi yaliyoanza kunyauka. Kati ya maua kulikuwa na bloku moja ya sementi, na juu yake vipande vidogo vya karatasi ya dhahabu, vile wanavyowarushia maharusi. Priscille aliipita. Halafu akarudi hatua mbili, akaitazama tena, akaendelea.

Kibanda cha Chouchou kilikuwa nyuma: senyenge pande zote, na kisima cha sementi chenye ukubwa wa kitanda cha watu wawili. Ziwa lenyewe lilikuwa hatua arobaini kutoka hapo. Munyama alikuwa analisikia muchana kutwa. Kwenye senyenge kulikuwa na kibao kilichopakwa rangi vizuri, kwa Kingereza na kwa Bemba: CHOUCHOU. YATIMA WA ZIWA. TULIMUOKOA.

Priscille aliinama. Upande wa ndani, kando ya senyenge inayotazama maji, kulikuwa na njia nyembamba. Kote kwingine udongo ulikuwa matope ya mvua. Ile njia tu ilikuwa ngumu, imekanyagwa mpaka inang'aa.

"Alikuwa anapita hapo toka asubuhi mpaka jioni," sauti ilisema. "Kwenda, kurudi. Kwenda, kurudi. Wageni walisema: angalia, anadansa."

Alikuwa Orpha, mupishi wa lodge, mwanamuke munene mwenye mikono ya unga. Yeye ndiye aliyekusanya mikia na kumupa Goodson.

"Ba mayo Orpha," alimuita mama kwa Bemba, "mikia yote ilikuwa humo ndani?"

"Awe, hapana. Sita ndani. Tano huku nje, juu ya lile jiwe. Polisi waliweka yote mu mufuko moja."

"Walikuuliza?"

"Mimi ni mupishi, mayo. Polisi wakinitazama wanauliza tu kama chai iko."

Priscille alitoa mufuko, akapanga mikia juu ya jiwe mumoja mumoja, kama mutu anayecheza karata. Hakuna mukia uliokatwa kwa kisu. Yote ilitafunwa. Hilo peke yake lilimuondolea binadamu nusu ya kosa, kwa sababu mutu wa mukoa huu wa Luapula hali samaki kutoka kichwani akaacha mukia. Mutu wa Luapula haachi hata jicho.

Kisha akaona jambo la pili. Mikia sita ilikuwa na alama za meno madogo, yaliyosongamana. Mitano ilikuwa na meno mapana zaidi.

"Vinywa viwili," alisema.

"Kimoja cha Chouchou," Orpha alisema. "Na kile kingine?"

Priscille alisonga mukia mumoja kwenye tundu la senyenge. Ulipita. Akatazama pembeni ya jiwe: mavi meusi, yamejaa magamba. Mvua ilikuwa imefuta nyayo zote za wazi, lakini chini ya ukingo wa mabati kulibaki mbili, za vidole vilivyoshikana kwa ngozi kama vya bata. Moja ilikuwa ndogo. Nyingine ilikuwa karibu mara mbili yake, na ile kubwa ilitoka ziwani.

"Nani alikuja upande huu siku hizi?"

Orpha alionyesha ziwa na kidevu. "Kalenga wa Kabuta. Nilimuona Jumatano mapema, mu matete pale, amejificha. Muvuvi anafanya nini mu matete mwezi wa kwanza?"

Ilikuwa saa tatu na nusu.

*

Kabuta wakati wa kufungwa inafanana na shule siku za likizo. Baiskeli zinazobeba samaki kwenda bara zilikuwa zimelala kwenye kuta, nyavu zimeanikwa, na wanaume wazima walikuwa wanabishana juu ya mupira wa timu za Ulaya ambazo hazijui kama Kabuta ipo.

Kalenga alikuwa anashona wavu. Alikuwa na miaka hamsini, muvuvi aliyevuka kutoka Kongo zamani na kusahau kurudi.

"Yaya Priscille, dada yangu! Kama umekuya kunifunga, ungoje nimalize hii mustari."

"Jumatano ulikuwa mu matete ya Ba Rodwell. Ulikuwa unavua?"

"Na mutumbwi gani?"

"Wako."

"Twende uuone."

Mutumbwi ulikuwa umevutwa mpaka nyuma ya jiko. Ndani yake, juu ya kitanda cha majani, kuku mwekundu alikuwa amelalia mayai, na alimutazama Priscille kama mwenye nyumba anayeona mutu wa kodi.

"Siku ya kumi na sita," Kalenga alisema. "Umuulize yeye kama mutumbwi ilitoka."

Priscille alipeleka mukono karibu. Kuku alimudonoa. Ushahidi ukakubaliwa.

"Bon. Hukuvua. Ulikuwa unafanya nini kule?"

Kalenga aliacha kucheka. Alikaa juu ya ukingo wa mutumbwi, na kuku alisogea kidogo, kama amezoea.

"Miye njo nilimuleta ule mutoto," alisema. "Mwezi wa tisa. Nilimukuta mu matete, peke yake, kadogo vile, anapiga kelele. Nikasema: huyu ni yatima. Ba Rodwell alinipa mufuko wa bunga, tukacheka, imekwisha. Kumbe hakuwa yatima, yaya. Mama yake alikuwa ameenda kuvua. Kama vile mama yeyote anaenda ku kazi, anaacha mutoto ku nyumba."

"Ulijua lini?"

"Kesho yake. Alikuya kumutafuta. Banapiga filimbi, bale banyama, unajua? Alipita hapa mbele ya nyumba, anapiga filimbi. Siku ya pili. Siku ya tatu. Bibi yangu akaniuliza: ule ndege gani analia vile? Nikamuambia siyui." Alivuta uzi wa wavu mpaka ukakatika. "Miye niko na batoto saba. Ile sauti niliiyua siku ya kwanza."

"Na Jumatano?"

"Nilimufuata ule mama na miguu. Alitoka mu maji na samaki moja mu mudomo, nene, ile banaita pale, tunalilia sisi wote. Akaenda mpaka ku senyenge. Akaipitisha. Akarudi, akaleta ingine, hiyo akaila yeye mwenyewe juu ya jiwe, karibu na mutoto. Banakula pamoja, yaya. Na Méschac alikuwa amesimama nyuma ya jiko, anatazama, hatikisiki. Aliniona. Akaweka kidole ku mudomo, hivi."

Priscille alifunga daftari. Mikia mibichi, ziwa limefungwa, Mukongomani karibu: kila mutu Nchelenge alikuwa ametafuta muvuvi mwenye mikono. Hakuna aliyekumbuka kwamba fisi maji hasomi tangazo.

"Kwa nini hamukusema?"

"Kusema nini? Ba Rodwell akisikia kama iko mama, anaweka mutego. Mama na mutoto mu senyenge moja! Wageni bangetoka mpaka Lusaka. Nilichukua mutoto ya mutu tayari. Sasa nimuuze na yeye?"

*

Saa tano na dakika ishirini alikuwa tena lodge. Goodson alikuwa amefika na gari, anakunywa chai. Ba Rodwell, mwenye lodge, alikuwa mutu mukubwa mwenye sauti ya kwaya, na macho yake yalikuwa mekundu kweli. Mukononi alishika mupira mudogo wa manjano.

"Alikuwa anausukuma na pua," alimuambia Priscille. "Nilimununulia Ndola. Mayo, watu wanafikiri ni biashara tu. Mimi mwenyewe nilikuwa naosha kile kisima."

Priscille alimuamini. Hilo ndilo lilikuwa gumu.

"Ba Rodwell, harusi ya Jumamosi, picha ziko?"

Ziko! Alizitoa kwenye simu kwa haraka ya mutu anayependa kazi yake. Maharusi mbele ya kibanda. Maharusi na Chouchou kati yao nyuma ya senyenge. Katika picha ya tatu, iliyopigwa na mugeni kutoka pembeni, mupiga picha mwenyewe alionekana: mutu mufupi, amesimama juu ya kitu ili aone vizuri.

"Amesimama juu ya nini?"

Rodwell aliikuza picha na vidole viwili.

"Alisema munyama haonekani vizuri," alisema. "Nikatafuta kitu cha kumuinua."

"Bloku ile iko pale kati ya maua. Karatasi ya harusi bado iko juu yake. Mulitoa bloku Jumamosi, munyama akamaliza kuchimba usiku, Jumapili hayupo. Inspekta, kulikuwa na senyenge iliyokatwa?"

"Hakuna."

"Kufuli imevunjwa?"

"Hakuna." Goodson aliweka kikombe chini. "Aa. Muizi hakuna."

"Lakini samaki!" Rodwell alisema. "Nani alileta samaki? Ba Orpha anasema mikia tano ilikuwa nje. Nje! Maana yake..." Priscille aliona wazo likiingia usoni mwake, likivua viatu, likikaa. "Maana yake iko mwingine. Mukubwa. Anakuja hapa mwenyewe."

Macho yake yalikwenda kwenye senyenge, yakaipima upya. Kibao cha pili kilikuwa karibu kupakwa rangi.

Priscille alikuwa na dakika chache, na alizitumia polepole.

"Ba Rodwell, umeshitaki wizi. Mutu akiibiwa, lazima kwanza kitu kiwe chake. Munyama wa pori ni wa serikali mpaka mutu aonyeshe ruhusa. Nionyeshe karatasi ya Chouchou."

"Tulimuokoa, mayo! Hata kibao kinasema."

"Basi nionyeshe karatasi ya kumuokoa."

Hakukuwa na karatasi. Kulikuwa na mupira wa manjano.

"Gari ikienda Mansa saa sita na Méschac," alisema, "jaji atauliza swali hilo hilo, na hatamuuliza Méschac. Atamuita muvuvi aliyemuleta, na muvuvi ataeleza alimutoa wapi. Huyu mutoto hakuwa yatima, Ba Rodwell. Alifanywa yatima kwa mufuko wa bunga. Miezi minne mama yake alikuwa analia mbele ya wageni wako, anapiga filimbi kama ndege."

Rodwell aligeuza mupira mukononi. Priscille alitegemea hasira. Kilikuja kitu kingine.

"Nilimusikia," alisema kwa sauti ndogo. "Kila asubuhi. Niliwaambia wageni: sikieni, ndege wetu." Akatazama ile njia inayong'aa kando ya senyenge. "Na yeye alikuwa anakimbia pale. Anajibu."

Goodson aliacha biskuti katikati ya njia ya kwenda mudomoni.

"Na watoto?" Rodwell aliuliza. "Kila Jumapili watoto wanakuja. Watauliza Chouchou iko wapi."

"Uwakalishe mapema juu ya ukingo pale, mbali na matete, kimya, bila senyenge na bila mutego. Wakiwa na bahati watamuona. Wakikosa, watakuwa wameona ziwa."

Rodwell aliomba kalamu. Aliandika kwamba anafuta mashitaka, na chini yake, Goodson akiwa shahidi, kwamba hataweka mutego wala senyenge tena upande wa maji. Kisha akaenda mwenyewe na koleo kung'oa kibao. Musumari wa mwisho ulimusumbua sana, na hakuna mutu aliyekwenda kumusaidia, kwa sababu ilionekana ni kazi yake.

*

Saa sita kasoro dakika kumi Méschac alitoka kituoni. Plamedie hakumukumbatia. Alifunua besani.

"Kula. Imepoa mara mbili."

Alikula amesimama, kwa mikono yenye alama za meno. Bukari ilipofika nusu, alimutazama Priscille.

"Mama, uliwaambia juu ya mama ya Chouchou?"

"Rodwell alijua mwenyewe. Ameandika hataweka mutego. Na wewe ungekwenda Mansa bila kusema?"

"Ningesema ku Mansa," Méschac alijibu. "Mansa ni mbali. Bangepata wakati ya kukimbia."

Plamedie alimupiga kofi la mugongo, dogo, kisha akaacha mukono wake palepale.

Ikabaki raporo ya kuandika. Ziwa limefungwa, samaki kumi na moja wamevuliwa, na buro ya samaki inataka jina. Priscille alikaa kwenye meza ya Goodson, akasogeza mufuko wa mikia ambao sasa ulikuwa umeanza kujisemea wenyewe kwa harufu, akajaza fomu kwa herufi safi.

*Mushitakiwa:* mwanamuke, mama ya mutoto mumoja.

*Vyombo vya kuvulia:* meno.

*Sababu aliyoitoa:* mutoto alikuwa na njaa.

Kwenye mustari wa mwisho, pale wanapouliza kama mushitakiwa amekamatwa, alingoja kidogo. Upepo uliingia kutoka ziwani. Mutoto mugongoni mwa Plamedie aliamka, akalia mara moja, na mama yake, bila kugeuka, bila kuacha kumutazama mume wake akila, alipeleka mukono nyuma na kumupa kipande cha muhogo.

Priscille aliandika: *Ameonekana akienda upande wa Kilwa, ng'ambo ya ziwa. Hakuwa peke yake.*

Akapiga muhuri.